Bado, na Sasa

Kiharusi kilimwachia Verlyn maneno mawili:
bado, na sasa.
Mengine yote kiliyakunja kikayaficha
mahali ambapo daktari wa Duluth, na picha zake za ubongo,
hakuweza kunionyesha kwa kidole.

Miaka arobaini na mmoja nyumba hii ina majiko mawili
na kila jiko na mwenyewe.
Mimi, chungu cha umeme: rangi ya chungwa lililochujuka,
maua ya kahawia ubavuni, kifuniko chenye ufa,
zawadi ya harusi ya shangazi Borghild
aliyehofu nitamlisha mume vya mikebe.
Yeye, jiko la mkaa nyuma ya gereji.
Hata theluji imfike magotini, kila Jumamosi:
hambaga.

Hatukuulizana sababu. Nani huuliza mkono wa kushoto
mbona haushiki kalamu?

Jumamosi ya kwanza baada ya hospitali
nilimpikia hambaga kwa njia niijuayo.
Nikaifinyanga nyama ya kusaga, nikaipanga chunguni,
nikafunika, nikaweka moto wa chini,
nikaenda kukunja nguo.
Baada ya saa sita nikafunua.
Zilikuwa za kijivu, zikielea katika mafuta zilizoyatoa zenyewe,
kama soli za viatu vilivyosahauliwa mvuani.
Verlyn akamega. Akatafuna kwa shavu lililo zima.
"Bado," akasema.

Nami, mjinga wa kutii,
nikazirudisha kwa saa mbili zaidi.

Kumbe alimaanisha: hii bado haijawa hambaga.

Wanaosifu subira hawakuniambia
kwamba ipo nyama isiyotaka kusubiriwa.
Iliyosagwa imekwisha kuvunjwa; mashine imemaliza kazi ya mchana kutwa,
hakuna kilichobaki cha kulainisha.
Inadai chuma chekundu, moshi, ukoko usoni,
dakika nne huku, tatu kule, basi.
Ukiing'ang'ania itakulilia maji yake yote.

Na wanaosema ngoja ngoja huumiza matumbo
hawajalijua bega la ng'ombe,
lililobeba shingo nzito malishoni misimu mitano.
Lipeleke motoni kwa pupa, litakunja ngumi.
Lifungie na vitunguu, karoti, kikombe cha kahawa iliyopoa,
na usichungulie: kila kuchungulia ni nusu saa umeitupa.
Kano zitaachia zenyewe,
kisu kikiwa bado droo.

Februari. Nyuzi ishirini chini ya sifuri.
Nilivaa koti lake; mfukoni, kiberiti na risiti ya misumari.
Nikausogeza mwenzo wa magurudumu, kile kiti chake, dirishani.
Mkaa ulinikataa mara mbili.
Nilipoikandamiza nyama kwa mwiko bapa, ishushe mafuta,
alipiga kioo kwa mkono wa kushoto, akatikisa kichwa kwa hasira
ambayo sikuwa nimeiona tangu vuli,
na nikafurahi kuiona.
Bado, ilisema midomo yake.
Moto ukaruka. Nyusi zangu zikanuka.
Bado.
Pumzi yake ikaziba kioo; akaipangusa kwa mkono wa shati.
Sasa!
Nikageuza.

Tulikula tukiwa na makoti, haradali ikitutiririka vidoleni.
Hakusema lolote. Alikuwa na maneno mawili tu
na yote mawili yalikuwa yameshafanya kazi.

Maren, mwalimu wa matamshi, huja Jumatano na kadi zake:
picha ya maji, picha ya mbwa, picha yangu.
Anataka neno la tatu kabla ya masika.
"Ardis," ananitajia jina langu polepole, silabi kwa silabi,
kisha ghafla, kwa kumshtukiza.
Verlyn anafungua mdomo. Anaufunga.

Nami nimejua bega, nimejua ya kusaga,
lakini ulimi sijui ni nyama ya aina gani.

Navuta kiti. Nakaa kando yake.
Kifuniko sikigusi.